Kidole Kwenye Kioo

Jumanne, 6 Oktoba 1953

Upepo! Bwana, mtafiti wa wadudu, anataka picha za vile vidudu vya maua ya pareto—vidogo kuliko punje ya wimbi. Lenzi inakaribia kabisa kugusa ua. Ukihema tu, picha imeharibika. Nikamwita tena Wamaitha, mchumaji, ashike shina. Mkono wake hautetemeki, huo wenye kidole gumba kilichokatika ncha. Ameshika tangu saa tatu hadi saa sita. Akasema ati Wazungu wamemaliza simba, sasa wanawinda chawa! Nimecheka, kioo kimoja cha picha kikaharibika. Akaniomba dawa ya kidonda. Nimempa chupa ya iodini kutoka stoo. Kidonda cha nani, sikuuliza.

Jumatano, 7 Oktoba

Chumba cha giza kutwa. Kioo kimoja kimetoka safi ajabu, hata manyoya ya mbawa yanaonekana. Kidole cha Wamaitha pembeni. Bwana hapendi vidole, nitakikata wakati wa kuchapa. Nimeandika tarehe ukingoni kama kawaida, 7-10-53.

Ijumaa, 9 Oktoba

Wamemchukua Wamaitha! Wachumaji Wakikuyu wote wamepakiwa lorini. Yeye anadaiwa kuonekana Jumanne asubuhi akiwapelekea wapiganaji chakula msituni. Uongo mtupu. Jumanne alishika ua langu! Bwana anasema kazi yake ni wadudu. Kipkemei karani: “Nyongesa, funga mdomo, utapakiwa na wewe.” Naogopa sana. Lakini kioo kipo, na kidole kile hana mtu mwingine.

Jumamosi, 10 Oktoba

Rongai, kwenye benchi nje ya kituo cha polisi. Ofisa aliinua kioo dirishani, akamwambia Wamaitha aonyeshe mkono. Kidole ni kilekile! Nikapumua. Kisha akasoma ukingo. “Hii ni Jumatano.”

Mjinga mimi! Miaka minne naandika siku ya kusafisha picha, si siku ya kuipiga. Nimeeleza mara tatu, hakubali. Anataka maandishi ya Jumanne yenyewe, la sivyo lori la Wamaitha linaondoka kwenda kizuizini saa nane.

Maandishi ninayo. Haya hapa, na saa zimo. Na iodini imo, ukurasa uleule, mistari miwili chini ya ua, na atauliza kidonda cha nani msituni. Nikiuchana hapo, ataona umechanwa.

Wamaitha yuko karibu na lori. Hanitazami. Kidole gumba amekificha ndani ya ngumi.

Ofisa ametoka mlangoni. Anauliza naandika nini