Baba Mkwe Anauamini Mwili Wake

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla sijakosana na baba mkwe, maana mimi na yeye ni wapiga mbizi, tunakagua kuta za bwawa chini kabisa, na tunatumia zile mashine zinazosafisha pumzi yako na kukurudishia uivute tena, na ndani yake kuna chembe za chokaa za kunasa hewa chafu, zikichoka unamwaga unaweka mpya, lakini mzee hamwagi, anazitikisa tu mkebeni, anasema bado zina nguvu, kisha anakaa kwenye benchi ameziba pua na kufumba macho, anavuta hewa ya mashine dakika tano huku karakana nzima tumenyamaza kama tuko kwenye mtihani, halafu anainua kidole gumba, "Kungekuwa na ubaya mwili wangu ungeniambia," basi tunazama.

Juma lililopita alitoka majini kichwa kinamuuma, akaniuliza mara mbili spana iko wapi, na spana ameishika mwenyewe, akasema ni jua tu na nisimwambie mke wangu. Mshauri, nampenda sana mzee huyu, ndiye aliyenifundisha kazi, na siku anakubali posa yangu alisema ananipa binti yake kwa sababu sina mdomo. Sasa nianzie wapi kumwambia afungue mashine yake nione?

Mkwe Asiye na Mdomo

Mwanangu, pole. Nimecheka kuhusu spana, kisha nikaogopa, na wewe ulipaswa kuogopa mapema zaidi.

Hewa chafu haipigi hodi. Wataalamu waliwahi kuwajaribu watu kwa njia hiyohiyo ya mzee wako: wakawapa mashine ambayo kichujio chake, ule mkebe wa chokaa, hakikufungwa sawasawa, wavute dakika tano, na karibu wote hawakuhisi kitu. Hawakuwa wajinga, ndivyo tulivyoumbwa. Zile dakika zinasaidia kuona kama oksijeni inaingia, lakini haziwezi kuitolea ushahidi chokaa iliyochoka.

Adabu yako ni nzuri, ila umeipeleka mahali isipotakiwa. Mzee alikusifu kwa kutobishana na watu, hakukutuma umzike. Kesho fungua mashine yako kwanza, umpe kwa mikono miwili, "Baba, nikague." Sijaona mwalimu anayekataa kusahihisha. Akimaliza, omba yake. Chokaa ambayo hamjui imetumika kiasi gani imwagwe mkiwa wote wawili mnatazama, na kichwa hicho kionwe na daktari kabla hajagusa maji tena.

Akikataa, vua vazi lako uketi. Waambie na wenzako wa karakana wasimfungie mikanda. Mkeo naye mwambie leo hiihii, huyo ni baba yake kabla hajawa mkwe wako.

Atanuna, tena atakunyima hata salamu. Mwache anune. Anayenuna anapumua.