Mbegu Niliyomuuzia Mama wa Njombe

Makambako, Ijumaa

Aliniuliza vizuri tu, na hilo ndilo linaloniuma. "Mwanangu, mbegu hii inakubali kwetu Njombe, kwenye baridi?" Foleni ya duka la pembejeo ilikuwa imefika barabarani, bosi ananiangalia, na mimi ni kibarua wa msimu tu. Nikajibu, "Inakubali, mama." Sikugeuza hata mfuko nisome.

Watu walipopungua nikausoma. Mahindi ya sehemu za joto. Kule kwao baridi itayakuta hayajakomaa.

Nilimwambia bosi. Akasema, "Akirudi tutambadilishia." Atarudije, na hajui?

Nilikimbia mpaka stendi, gari la Njombe lilikuwa limeshaondoka. Jina lake sikuuliza. Nakumbuka kitenge cha njano, na jinsi alivyoufunga ule mfuko ndani ya khanga ili usilowane. Aliniombea baraka pia. Mimi.

Jioni hii mvua imeanza, ya taratibu, na wingu limefunika mpaka upande wa Njombe. Baba amesimama mlangoni, ana furaha ambayo sijaiona muda mrefu.

"Hii ndiyo ya kupandia," anasema. "Kesho hakuna atakayebaki nyumbani."