Haukuwa Woga, Kaka Wafula

Kaka Wafula,

Ni mimi Simiyu, mdogo wako. Nakuandikia kutoka chumbani kwangu mtaani Tuwan, chai imepoa mbele yangu na sina hamu nayo. Ninaogopa, kaka. Afadhali niseme hivyo mapema kabla sijaanza kujifanya.

Tangu tukuzike nyumbani Bungoma tumepanda mahindi mara mbili. Mama bado analima, na akikutaja ni kana kwamba umeenda sokoni tu. Baba amezeeka ghafla. Mimi niko kwa mjengo hapa Kitale, au nilikuwa. Mwezi uliopita nilikuwa juu ya jukwaa nimechuchumaa, napiga plasta chini ya dirisha. Nikataka kusimama, mapaja yakakataa. Hayakuuma hata, yalikataa tu. Nikashika goti, nikashika paja, nikajikwea mwenyewe mpaka nikasimama. Vijana wakacheka, "Mzee, si ulale kwanza bana!" Nikacheka nao huku jasho likinitoka, maana hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiinuka wewe.

Hospitalini kuna madaktari wanaofanya utafiti wa maumivu ya mgongo na viungo kwa watu wa kazi ngumu, sisi wa mjengo na wakulima wa huko Saboti. Nikaenda nikisema ni mgongo. Daktari, mama mmoja mpole, akanibonyeza mgongo, kisha akasema, "Keti sakafuni, halafu simama vile wewe husimama kila siku." Akashika saa. Nilipomaliza akauliza kama kwetu kuna mwingine mwenye shida hiyo.

Swali hilo wewe ulilisikia, kaka, siku ile nilipokupeleka hospitali. Ulikuwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, na mimi nikajibu kabla hujafungua mdomo: "Hapana daktari, kwetu hakuna. Huyu alianguka mtini akiwa mdogo." Mti gani? Niliogopa watu waseme boma letu lina ugonjwa, halafu dada yetu Nanjala akose wa kumwoa. Ukaniangalia tu. Wakaandika mti, tukarudi nyumbani, na ukafa bila kujua ugonjwa wako unaitwaje. Nisamehe. Sijui kama inatosha, lakini nisamehe.

Safari hii nilisema yote. Nilianzia asubuhi ile ya Agosti, siku yako ya jando. Ulitoka mtoni umepakwa matope, ukasimama uani kwa Baba, macho mbele bila kupepesa kama inavyotakiwa. Ngariba hajafika hata, magoti yakaanza kutetemeka, kisha moja likakunjika. Ukajiinua mara moja, ukakatwa bila kutoa sauti. Lakini vigelegele vilikuwa vimekatika, na Baba alikuwa ameshaingia ndani. Kuanzia siku hiyo ukawa mwoga, kijiji kizima kikakuita hivyo. Na zamu yangu ilipofika, miaka miwili baadaye, nikasimama kama nguzo, nikajigamba mbele ya wageni kwamba mimi si kama Wafula. Ulikuwa hapo karibu, umeniletea uji.

Daktari akauliza kama wakati huo ulikuwa unaanguka ukikimbia. Nikasema ndiyo, tulikuwa tunakucheka. Akaweka kalamu chini. "Basi huyo hakuwa mwoga," akasema. "Misuli ilikuwa imeanza kuisha, na bado alisimama." Nililia palepale, kaka, mbele ya watu, mtu mzima mwenye ndevu.

Jumanne watanikata kipande kidogo cha msuli wa paja wakakichunguze. Wameniambia waziwazi kwamba hata wakiujua ugonjwa, dawa ya kuuponya hawana, na kwamba naweza kukataa. Nimetia sahihi. Kisu hakinitishi. Kinachonitisha ni kwamba njia yote naijua. Nilikuona na fimbo, nikakuona na kiti, nikakuona kitandani, halafu pumzi ikakuishia. Ni mimi niliyekuwa nakugeuza ili mgongo usitoke vidonda. Mimi nitageuzwa na nani?

Na kuna jambo linalonitisha zaidi. Daktari alisema ugonjwa wa namna hii unaweza kumpata yeyote wa tumbo moja. Juzi Nanjala alipiga simu. "Kaka, siku hizi nikibeba maji magoti yananiangusha. Ati ni jembe tu ama?" Na mimi, mjinga wa mwisho, nikamjibu, "Ni baridi hiyo, jipake dawa." Kila ugonjwa unapotajwa mimi ndiye wa kwanza kukimbilia uongo, nikidhani nalinda watu, kumbe najilinda mimi.

Kwa hivyo kesho nateremka Bungoma. Nitamketisha Nanjala, Mama na Baba wakisikia, nimwambie ulichougua wewe, ninachokihofia mimi, na yale magoti yake yanaweza kuwa nini. Nitamwomba tuje pamoja Jumanne. Atalia. Pengine atanilaani, na ana haki. Baba naye nitamwambia kwamba asubuhi ile haukuwa woga.

Pumzika, kaka yangu. Nimekukumbuka sana. Nakuahidi kwamba kesho nitabisha mlangoni nyumbani, na nikikosa nguvu ya kusema, sitaondoka hapo mpaka niipate.

Mdogo wako,
Simiyu