Feni ya Gari la Baba

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Kikohozi cha yule mdogo kimekwisha? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama anakusalimu. Miguu bado inamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa, tunamshukuru Mungu.

Utaona leo sikukuita Haribu. Miaka minne hujaja nyumbani, na nadhani jina hilo lina mkono wake. Nisikilize basi.

Gari la Baba bado tunalo. Ndilo linalompeleka Mama kliniki kila Jumatatu asubuhi, na hataki kusikia habari ya gari lingine. Mwezi uliopita feni ya hita ikagoma. Unawasha, kimya. Vioo vinajaa ukungu, mimi naendesha huku nafuta kwa kitambaa, na Mama kajifunga mablanketi mawili, ananiambia, "Nikigandia humu, mnizike na siti yangu."

Jana nikalipeleka kwa fundi umeme wa magari, yule mwenye kipara na maneno mengi. Mama akakataa kubaki nyumbani. Si unamjua? Fundi hafungui kitu chake bila yeye kusimama hapo hapo. Unakumbuka alivyokuwa akitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha kwenye kila kifaa cha cherehani yake ya umeme, eti mafundi wasije wakambadilishia? Nilimtania njia nzima.

Fundi akajipenyeza chini ya dashibodi, akaitoa feni, akaifungua mota. "Kaboni zimekwisha," akasema, akituonyesha vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota. "Tena hizi si zake. Kuna mtu alizikwangua kwa tupa ili zikae."

Mama akaomba azishike. Akazifuta kwa upindo wa gauni, akazigeuza. Nyuma ya kila moja palikuwa na nukta nyekundu.

Kaka, zilikuwa zile za cherehani. Siku ile cherehani ilipogoma, na fundi akasema kaboni hazimo, sote tulikugeukia wewe, kwa kuwa ndiwe uliyeifungua kuitia mafuta. Ulitafuta chini ya meza mpaka magoti yakachubuka, huku unaapa hujazigusa. Ukachapwa, ukapewa na jina. Baba peke yake hakuwahi kukuita Haribu. Mimi nilidhani ni upole wake. Kumbe!

"Ilikuwa wiki ile ya kifua chako," Mama akaniambia taratibu. Ni kweli. Baba alikuwa akinipeleka hospitali kila asubuhi, nami nakumbuka nilivyolala kwenye siti ya mbele, miguu nimeielekeza pale linapotokea joto, yeye akipiga mluzi. Siku zile nilizipenda mno, pamoja na ugonjwa wenyewe. Sasa najua joto lile lilitoka kwenye cherehani, na lawama zikabaki kwako. Nimemkasirikia Baba, halafu nikamlilia upya.

Nami nina langu. Siku tulipomzika Baba, taa ya sebuleni ilizimika, ukainua mkono uiangalie, nikawa wa kwanza kupiga kelele, "Haribu, usiguse!" Watu wakacheka, nawe ukacheka. Kesho yake ukaondoka kabla ya siku ulizopanga kukaa, na hujarudi tena. Nisamehe, Kaka.

Feni imewekwa kaboni mpya, inavuma vizuri.  Tulipofika nyumbani Mama akaivuta cherehani kutoka uvunguni, maana hakuitupa, akaipangusa vumbi. Akasema, "Mwandikie kaka yako. Mwambie nimemkosea. Aje aifungue yeye mwenyewe, na mimi sitasimama hapo."

Zile kaboni mbili nimezitia humu ndani ya bahasha. Ni zako.

Shangazi anakusalimu, anasema unenepe kidogo. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao, na Mungu awafunike wote, awalete salama.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Kitinda mimba