Mikeka Iliyonyooka

Jumatatu, 3 Machi

Matokeo mazuri tena. Mkwe wangu alinipa kichupa kabla sijavua koti. "Baba, hii imetoka safi kuliko ya wiki jana." Safi kweli — nilikiinua dirishani, hakina hata wingu.

Jambo lenyewe ni rahisi, na sichoki kulieleza hata nikiwa peke yangu. Unasukuma plastiki iliyoyeyushwa kwenye sindano, unaitia umeme mkali, nayo inachomoka kama uzi ambao jicho haliuoni. Unywele mmoja una unene wa nyuzi hizo mia mbili na zaidi. Zinalala ovyo juu ya sahani mpaka zinakuwa mkeka mwepesi. Tunaupaka rangi ya bluu ambayo, tukipitisha maji ya damu, huishika protini ya kugandisha damu na kuziacha nyingine zipite. Mwishoni unamimina maji ya chumvi, protini inaachia, unaikinga kichupani.

Bomba la zamani, lile lililojaa punje, hufanya kazi hiyo kutwa nzima, maana protini lazima ijipenyeze ndani ya kila punje. Kwenye mkeka kila kitu kiko nje, kama nguo kwenye kamba. Hujamaliza chai, umemaliza kazi.

Nimempigia daktari wa damu. Ana watoto wodini ambao wakijikwaruza tu, damu haikomi. "Kama ni kweli, Mwalimu, mimi na bomba basi." Anakuja Jumatatu ijayo.

Jumatano, 5 Machi

Mama Chupa ndiye fundi wetu wa maabara. Jina nilimpa mimi, kwa jinsi anavyoosha vyombo huku akivigombeza kama watoto wake. Leo nilitaka kumwonyesha kitu: mkeka ukilowa kisha ukakauka, kingo zake hujikunja kama karatasi iliyonyeshewa. Nimejaribu kila njia kuuzuia, hauzuiliki. Nikafungua pipa la taka tuchukue mmoja. Mikeka ya wiki nzima ilikuwamo.

Imenyooka. Yote.

Nikamwuliza kama iliyotumika ina pipa jingine. Hakuna, akasema. Kisha akaanza kuosha chupa aliyokwisha kuiosha.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimsubiri mlangoni asubuhi.

"Mwalimu, usinitie kwenye mambo ya mtu na mkwewe."

Nikamwambia namwuliza fundi, simwulizi jirani.

"Basi fundi anasema hivi: lile bomba la punje halijapumzika tangu Oktoba."

Vichupa vyote. Vyote vimetoka kwenye bomba. Mkeka unanasa, ndiyo, lakini maji ya chumvi yakipita, rangi nayo inang'oka. Protini inatoka bluu. Nani atamdunga mtoto kitu cha bluu? Mkwe na wanafunzi wake walijaribu mara kadhaa, wakashindwa, wakanyamaza. Kila asubuhi wakanipa kichupa cha bomba na kuniambia ni cha mkeka.

Nani mwingine anajua?

"Mpaka mlinzi wa getini, Mwalimu."

Ijumaa, 7 Machi

Nimewafundisha wanafunzi wa mkwe kuhusu nyuzi, kama kawaida ya Ijumaa. Walitikisa vichwa kwa adabu. Niliwatazama mmoja mmoja. Adabu ile!

Jumapili, 9 Machi

Nimewaita, binti yangu na mumewe. Wamekuja na matunda, kama watu wanaokwenda kumwona mgonjwa.

Sikupandisha sauti. Niliweka mkeka mmoja mezani, mkavu, umenyooka kama pasi imepita. Mkwe aliuona, akakaa bila kukaribishwa. Alichokisema, kwa ufupi: alitarajia kuirekebisha ile rangi mapema, kabla mtu hajaumia. Kila wiki alisema bado kidogo. Bado kidogo hiyo imefika Machi.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi, niliyemfundisha hata kushika sindano. Binti ndiye aliyejibu.

"Baba, ulikuwa umetoka kumzika Mama. Ulikuwa huli. Siku alipokuletea kile kichupa cha kwanza, ulikula."

"Kwa hiyo mmenifichia ukweli kama mtoto anayefichiwa kidonge kwenye sukari."

"Ulikula, Baba."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki hakikunila, kilinilisha. Ndiyo maana kinauma hivi, sijui hata nikishike wapi. Adui ningemtukana. Hawa waliniambia pole kwa mkono mmoja, na kwa mwingine wakanifunga macho.

Mkwe akasema polepole, bila kunitazama: "Uongo ulikuwa wa humu ndani, Baba. Daktari umemwita wewe."

Kweli. Hilo nalo ni kweli.

Wanaomba niseme kwamba mkeka unahitaji mwaka mmoja zaidi, niishie hapo. Nikisema yote, mkwe kazi hana. Na wajukuu wangu wanakula kwake, si kwangu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika stoo, nimekaa juu ya sanduku la glavu. Wageni wamo chumba cha mikutano. Niliaga kwamba nafuata miwani. Miwani ninayo usoni.

Daktari amekuja na wenzake wawili, na mama wa mtoto mmoja wa wodini — "aone mwenyewe," alisema. Mama yule amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Daktari ameshakataa shehena mpya ya punje za bomba la hospitali. Ameshakataa! Zilizobaki hazifiki mwisho wa mwezi.

Mkwe ndiye aliyeanza kueleza. Alitumia maneno yangu. Nguo kwenye kamba, alisema, na mama yule akacheka kidogo kwa kuelewa. Kisha daktari akainua kichupa. "Mwalimu, nataka nisikie kwako. Hii imetoka kwenye mkeka?"

Ndipo nikafuata miwani.

Mkwe amenifuata. Amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Anasema watu wanasubiri. Anasema, "Utakachosema, Baba, sitakupinga."

Nimemjibu kwamba sitasema kitu. Alete mkeka mkavu na maji ya damu, tuyapitishe mbele yao, na maji ya chumvi ayamimine yeye kwa mkono wake, mama yule akiona rangi itakayotoka.

Hajakataa. Hajaenda. Nasikia daktari ameanza kuuliza tuko wapi