Rudisha Ile Tagi

Nakwamekwi, Lodwar
Tarehe 9 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Lokorio,

Ejok? Natumaini uko mzima na unakula vizuri. Mgongo wako unaendeleaje, ule ulioumia kwa kubeba nyama pale kiwandani? Je, bado unajipaka ile dawa? Na usingizi unapata? Sisi huku tuko salama, Mungu asifiwe. Miguu yangu inavimba jioni lakini asubuhi inarudi sawa. Mjomba wako Lokaale ana kikohozi chake kile kile, anakohoa na kutania. Jua ni lile unalolijua.

Salamu zimetosha. Sasa kaa chini.

Naandika kwa mkono wangu, na hizi herufi nilizofunzwa pale ngumbaru, kwa sababu kwenye simu ukisikia tu mama ameanza kukasirika unasema mtandao ni mbaya. Karatasi haikatiki. Clotilde, yule mama wa Kongo ambaye ninampelekea samaki wa Kalokol auze pale Kakuma, atapiga picha kila ukurasa akutumie. Ndiyo, atasoma yote. Hata sioni haya tena, haya yangu ilikwisha siku ile kwa Emanikor, baba yake Atiir.

Wewe ndiye uliniambia niende. Uliniambia, mama, waambie kazi imenibana, kiwanda kimenikataza ruhusa mwezi wa kumi, siku ya ng'ombe wa ndoa isogezwe mpaka mwakani. Nikaamini. Nikavaa shanga zangu za heshima, nikapanda gari la asubuhi mpaka Kakuma, nikakaa mbele ya baba yake Atiir na wazee wake wote, nikasema kama ulivyonituma. Tena niliongeza utamu. Nilisema unalia kwenye simu.

Emanikor aligeuka akamwita kijana wake. "Ruben, hebu muonyeshe mama Lokorio hicho kiwanda."

Ruben akafungua simu. Ni wewe, Lokorio. Umevaa koti la rangi ya chungwa, umeshika bunduki, unacheka meno yote nje. Chini kuna maneno ya Kizungu, na Ruben akanisomea kwa sauti mbele ya watu, polepole, kama anasomea mtoto: "Baada ya miaka mingi ya kungoja kura, hatimaye nimepata tagi ya kuwinda. Mwezi wa kumi mnitafute milimani."

Wazee wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika kigoda. Emanikor hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alisema, "Kumbe kijana ana miadi na mnyama mwingine. Wako wa nyumbani hana kura, mama Lokorio. Amesimama tu pale, mtu aje na mkuki."

Mwanangu, nimezaa, nimezika mume, nimepita ukame ule, lakini sijawahi kutafuta shimo la kuingia kama siku hiyo. Umenifanya niwe mwongo kwenye boma la watu.

Na usidhani mtoto wako hakuwepo. Akai alikuwa amekaa mapajani mwangu. Aliangalia ile picha vizuri, akauliza, "Nyanya, huyu ni wale watu wa kutengeneza barabara?" Kwa sababu ya lile koti. Nikamwambia ni baba yake. Akaangalia tena, akasema, "Mh," akaenda kucheza.

Usiniambie kwamba sielewi hiyo habari ya tagi. Nimeisikiliza miaka yote hii. Wewe unapiga simu, mimi nachambua samaki, nakuambia ehe, ehe, na kumbe naweka kila neno. Uliniambia milima ile ya Colorado ni ardhi ya umma, mtu yeyote anaweza kupanda na hema lake alale, lakini mnyama yule anaitwa elki, kama swala lakini mkubwa kama ng'ombe, huwezi kumgusa mpaka uwe na tagi, ile karatasi unamfunga nayo akishaanguka. Uliniambia wewe ni mtu wa Nebraska, kwa hiyo kule Colorado unahesabiwa mgeni. Wenyeji wanatengewa fungu kubwa, wageni mnagombania lililobaki, tena kwa bei ambayo mwenyeji akiisikia anakuonea huruma. Ulisoma kwanza darasa la bunduki mpaka ukapata cheti. Kila mwaka unanunua kwanza leseni nyingine ambayo hata huihitaji, ya ndege sijui, ndiyo wakubali uombe ile kubwa. Halafu unachagua mlima gani, msimu gani, dume au jike, unaomba kwa mtandao mapema mwezi wa nne kabla hawajafunga, na unakaa wiki na wiki unangoja kompyuta ikuokote. Isipokuokota wanakupa pointi. Mwaka unaofuata mwenye pointi nyingi anatangulia.

Unaona? Mama yako anaweza kwenda kuomba mwenyewe.

Nilikuwa nafurahi, sikufichi. Nilisema mtoto wangu kule anashinda kwenye friji ya watu akibeba nyama ya watu, wacha apate kitu cha kumtoa nje aone mlima. Hata Lokaale nilimsimulia. Unajua yeye alivyofungwa hapa Lodwar kwa sababu ya kuwinda digidigi mmoja, tena mdogo, hata sufuria hakujaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo kule mwizi anapewa risiti kabla hajaiba?" Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi nimletee maji.

Lakini sasa nataka unijibu kitu kimoja. Wewe kila mwaka ukinyimwa mnyama unapewa pointi. Atiir ana pointi ngapi?

Ulimwacha na mimba. Akai ameanza shule mwaka huu, meno ya mbele yameshang'oka. Miaka yote hiyo Atiir anachota maji, anachunga mbuzi za baba yake, anakataa wanaume, na jioni nikimtembelea ananiuliza kama umepiga. Nani amemuandikia pointi? Yuko kwenye kura gani? Akiniuliza sasa, nitamwambia kompyuta haijamuokota?

Na usijifanye umesahau mambo ya kwetu kwa sababu unakaa kwenye theluji. Mahari imefika, mbuzi na ngamia wote walipokewa, mjomba wako aliwapeleka mwenyewe kwa miguu. Lakini mpaka ng'ombe achomwe mkuki mbele ya boma la Emanikor, na mkono ulioshika mkuki uwe ni wako, Atiir hajawa mke wako na Akai hajawa mtoto wako. Ni mtoto wa Emanikor. Nilimuomba Lokaale ashike mkuki kwa niaba yako, naye akakubali, lakini Emanikor akakataa. Alisema binti yake hakuzaa na Lokaale.

Kuna mwanaume wa Katilu. Sikutaka uisikie hivi, lakini sasa isikie. Amefiwa na mke, ana shamba la mahindi na mtama pale kando ya mto Turkwel, mpole, anaenda kanisani. Amekuja mara kadhaa. Nilitafuta ubaya wake nikaukosa, na hapo ndipo moyo ulianza kunipiga. Anamtaka Atiir, na amesema Akai aje na mama yake, atamlea kama wake na atamsomesha. Emanikor amesema siku haisogei. Siku ile ya mwezi wa kumi wazee wamekwisha kuikubali, na ng'ombe ataanguka siku hiyo. Usipofika, atampa yule.

Nilipokupigia siku ile ya picha kutoka Kakuma, machozi yananitoka, ulinijibu nini? Ulisema, "Mama, nikiacha sasa nimepoteza kila kitu. Pointi zote zimekwenda. Sitaipata tena." Nikakuhurumia! Niligeuka mimi tena nikaanza kukutetea moyoni mwangu. Nikasema maskini mtoto wangu, amengoja na yeye, sheria za wazungu zimemfunga, wacha nirudi nikamshike Emanikor miguu.

Basi nikaenda kwa Clotilde kufunga samaki waliobaki. Nafunga, nafunga, mara mikono ikasimama yenyewe. Nikasema kwa sauti, "Majak!"

Clotilde akaniuliza, "Mama Lokorio, unaita nani?"

Majak wako, yule Msudani mliyesoma naye sekondari ya Kakuma mkakutana tena hukohuko Nebraska. Ni wewe mwenyewe ulinisimulia mwaka jana ukicheka. Majak alikuwa ameshinda tagi. Halafu Nyanut mke wake akawa karibu kujifungua, na siku zikagongana. Majak akairudisha ile tagi mapema, kabla msimu haujakaribia, na ofisi ikamrudishia pointi zake kama zilivyokuwa. Ulisema alinuna kama mtoto aliyenyang'anywa maziwa na ukamnunulia soda. Pointi zake zote, Lokorio. Kama hakuwahi kuzitumia.

Na bado nakumbuka na nyingine. Uliniambia kuna tagi za msimu mwingine ambazo hazina kura hata kidogo, mgeni anaingia dukani ananunua, ila tu mlima unajaa watu na madume makubwa ni haba. Kwa hiyo hata elki wa kuua hutamkosa. Unachokosa ni pembe kubwa za kupiga nazo picha.

Kwa hiyo hakuna kilichokufunga. Ulichagua. Ulipima mtoto wako na pembe, ukanituma mimi niende kufunika.

Nimeandika hayo nikasimama kwanza, nikatoka nje, nikanywa maji. Nimerudi. Bado nina hasira.

Usifikiri pia sina hofu. Ulisema lile koti la chungwa ni sheria, ili wawindaji wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Tangu uniambie hivyo silali vizuri. Na dubu wapo, na theluji, na simu haishiki. Nani atanipigia ukianguka kwenye korongo? Nitaambiwa na nani, na kwa lugha gani? Nikikaa peke yangu naona vitu ambavyo mama hapaswi kuona.

Na yule ng'ombe. Ni yule ndama wa kahawia mwenye doa jeupe begani, ambaye marehemu baba yako alisema ni wa ndoa yako. Ukame ule wakati mizoga ilikuwa imelala kando ya barabara mpaka Kalokol, mimi nilikuwa naokota maganda ya migunga nimletee, namnywesha maji niliyobeba kichwani, namwinua kwa mkia asubuhi na Lokaale akivuta pembe. Watu walisema niuze kabla hajafa. Nikakataa. Nilisema huyu ana mtu wake. Sasa amenona, shingo imejaa, ukimuona utamjua. Baba yako hakuomba tagi, Lokorio. Alikuachia tu.

Sasa sikiliza niliyoyafanya. Juzi nilirudi kwa Emanikor. Sikumwambia utakuja, maana nimechoka kutumwa uongo. Niliomba radhi mbele ya wazee wale wale, nikamwambia ile habari ya kiwanda haikuwa kweli, na siku ibaki kama ilivyo. Nikamwambia ng'ombe atafika. Ukiwepo, utamchoma wewe. Usipokuwepo, achomwe na yule wa Katilu, kwa sababu Atiir ni binti yangu sasa na sitakubali aolewe mikono mitupu kama mtu asiye na wenyewe. Atiir alikuwa amesimama mlangoni akasikia. Alikuja akanishika mkono, akaushika muda mrefu.

Ila mkuki wa baba yako sitampa mtu. Huo utabaki hapa ukutani.

Likizo yako ni moja na mwezi wa kumi ni mmoja. Ofisi ile irudishie karatasi yake sasa, usingoje msimu ukaribie wakukatalie. Muulize Majak, anajua mlango. Na ukimuona mwambie namsalimu, mtoto wake aendelee kukua, na mimi namheshimu kuliko anavyofikiri.

Mjomba wako Lokaale anakusalimu, anasema hajakasirika ila anataka kujua hiyo nyama ya elki ina mafuta au ni kavu. Clotilde anakusalimu, na anasema kwa Kiswahili chao cha Kongo kwamba umefanya vibaya sana. Ruben hajakusalimu. Atiir hakunituma salamu safari hii, nami sikumuomba.

Mungu akulinde na bunduki za watu na zako mwenyewe, akushushe kwenye mlima huo kabla hujaupanda, akufikishe nyumbani ukiwa mzima.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata leo nikiwa nimekasirika hivi,

Mama Lokorio

Njoo na lile koti la chungwa. Ulivae ukishuka kwenye gari. Akai hana sura nyingine ya kukutambua.