Kwa Nini Karachi Kwanza

Dodoma, 6 Machi 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu. Natumaini Idd ilikuwa njema hapo Busi.

Henry, yule mwenye duka la vitambaa tunayempigia chapa barua zake jioni, anatupa zawadi ya safari ya Ulaya, mimi na Aneth wa ofisini. Siku hizi pasipoti si ya wakubwa peke yao. Tutaondoka tarehe 20 Aprili, baridi yao ikiwa imekwisha na maua yanachipua. Karachi siku mbili, halafu Roma, Vienna, Paris. Yeye tutamkuta Roma. Niombee dua tu.

Mwanao, Swaumu

Busi, 15 Machi 1995

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu, ulezi umeanza kutoa masuke.

Nimeazima ramani ya Mwalimu Abubakari nikapima njia yenu kwa uzi. Karachi haimo njiani. Mtu wa Busi akienda Dodoma hapitii Singida, labda awe na lake huko. Muulize Henry lake ni lipi. Mfanyabiashara hatoi tiketi mbili kwa sababu ya barua za chapa. Sijapenda.

Baba yako, Shaaban

Dodoma, 23 Machi 1995

Baba,

Shikamoo. Afya njema, mafua yamekwisha. Na nyie?

Wewe hata cherehani ya mama uliiogopa. Henry amecheka, anasema ndege ya kupitia huko ni nafuu. Paris imefutwa, na tarehe imesogezwa: tunaondoka tarehe 2, tunarudi 18. Anwani ya hoteli ya Roma nimeiandika nyuma.

Mwanao, Swaumu

Busi, 1 Aprili 1995

Swaumu,

Salamu baadaye. Barua yako imefika leo. Juzi mnadani nilikutana na Bi Cecilia wa Haneti. Binti yake Ritha alipelekwa na Henry huyohuyo, Aprili iliyopita, Karachi kisha Roma. Mpaka leo hajaandika. Usiende, mwanangu. Nampa kondakta wa basi barua hii mkononi.

Baba yako

Karachi, 4 Aprili 1995

Baba,

Shikamoo. Hatujambo, joto tu. Sikupata jibu lako, nikajua umekasirika.

Rafiki wa Henry ametupa mabegi mapya, na ndani kuna maboksi ya dawa za mgonjwa wake Roma. Aneth alitaka kuchungulia, nikamkatalia. Nilimwambia kwetu mzigo wa mtu ni amana, baba alitulea hivyo. Kesho tunaruka.

Mwanao, Swaumu

Dodoma, 27 Aprili 1995

Mwanangu Swaumu,

Natumaini u mzima. Safari hii nauliza kweli.

Barua yako ya Karachi nimeipata juzi. Barua yangu nimeikuta ofisini kwenu, haijafunguliwa. Siku tisa zimepita tangu tarehe ya kurudi. Nilikufundisha kutofungua mzigo wa mtu, lakini sikuwahi kukuambia kwamba kuna wa kufunguliwa. Kosa hilo ni langu, na linaniuma.

Nimekwenda dukani kwa Henry. Yupo, anapima vitambaa. Hakusafiri popote. Aliniamkia kwa adabu, akasema nyie mmechelewa ndege tu. Kwenye benchi alikaa binti mwenye ramani magotini, akamuuliza kama mwezi wa tano Vienna bado kuna baridi. Nikamwambia yule binti jina lako, na la Ritha. Akaikunja ramani, akatoka bila kuaga.

Naituma hii Roma. Niandikie, hata kama ni kutoka gerezani.

Baba yako